Metchnikoff: Mwanasayansi aliyekunywa vimelea vya kipindupindu na kuugeukia utumbo

MWAKA 1892 kipindupindu kilirejea Ulaya Magharibi kwa kishindo. Katika jiji la Hamburg, Ujerumani, zaidi ya watu 8,000 walipoteza maisha ndani ya miezi michache, na nchini Ufaransa hofu ilitanda kila mahali. Katika siku hizo za taharuki, mwanazuoni mmoja wa Taasisi ya Pasteur jijini Paris, mwenye ndevu nyingi na nywele zisizojua kitana, alikunywa kwa hiari yake vimelea hai vya ugonjwa huo. Hakuugua.

Mtu wa pili aliyejitolea naye alikunywa, akabaki mzima. Kisha akaja wa tatu. Huyo aliugua vibaya, akanusurika kufa.

Watu watatu, kimelea kile kile, lakini matokeo tofauti. Swali lililozaliwa hapo, la kwa nini mmoja augue na mwenzake asiugue, ndilo lililomfanya mwanazuoni huyo aanze kuutazama utumbo wa binadamu kwa jicho ambalo wengi wa rika lake hawakuwa nalo. Si mwingine bali ni Ilya Ilyich Mechnikov, ambaye Wafaransa walimwita Élie Metchnikoff, jina ambalo dunia imemjua nalo hadi leo.

Kwa watu wa kawaida anakumbukwa zaidi kwa maziwa mgando. Biashara yote ya mitindi na vidonge vinavyouzwa kwa madai ya kuwa na bakteria rafiki inamtaja yeye kama babu yake. Umaarufu huo haumtendei haki. Katika maziwa alikosea mengi. Katika kipindupindu aliona mbali.

Metchnikoff alizaliwa Mei 1845 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Kharkov, wakati huo ukiwa sehemu ya Dola ya Urusi na sasa ukiwa Kharkiv nchini Ukraine. Baba yake alikuwa ofisa wa kikosi cha walinzi wa mfalme na mwenye mashamba; mama yake, Emilia, alikuwa na asili ya Kiyahudi. Yeye ndiye kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Kaka yake mmoja, Ivan, aliyekuwa mwendesha mashtaka, alifariki dunia mwaka 1881, na kifo chake kinatajwa kuwa ndicho kilichompa mwandishi Leo Tolstoy wazo la hadithi yake mashuhuri ya kifo cha Ivan Ilyich.

Akili ya kijana huyo haikuwa na subira. Masomo ya Chuo Kikuu cha Kharkov yaliyopangwa kwa miaka minne aliyamaliza kwa miaka miwili. Alikwenda Ujerumani, akafanya kazi Giessen na Göttingen, kisha akashuka hadi Naples nchini Italia kuchunguza viumbe wadogo wa baharini. Alipofikisha umri wa miaka 22 tayari alikuwa akifundisha chuo kikuu mjini Odessa, na baadhi ya wanafunzi wake walimzidi umri.

Maisha ya nyumbani, hata hivyo, hayakumnyookea. Mwaka 1869 alifunga ndoa na Ludmila Feodorovitch, binti aliyekuwa tayari amedhoofika kwa kifua kikuu kiasi kwamba siku ya harusi alibebwa kwenye kiti kuingizwa kanisani. Mume alihangaika naye huku na huko akitafuta hali ya hewa itakayomfaa. Haikusaidia kitu. Ludmila alifariki Aprili 1873 katika kisiwa cha Madeira, na mjane huyo wa kiume, ambaye macho yake nayo yalikuwa yakimsumbua, alikunywa kasumba nyingi kwa nia ya kujiua. Kipimo kilikuwa kikubwa mno hata tumbo likaitapika yote, na hiyo ndiyo ikawa salama yake.

Miaka miwili baadaye alimwoa Olga Belokopytova, msichana ambaye bado hakuwa ametimiza miaka 20. Naye mwaka 1880 aliugua homa ya matumbo na kukaribia kufa. Safari hiyo Metchnikoff alijidunga damu ya mgonjwa wa homa ya kujirudia, ugonjwa unaoenezwa na chawa. Kama angekufa, angekuwa walau amethibitisha kuwa ugonjwa huo huambukizwa kwa damu. Aliugua sana, lakini alipona, na wote waliomfahamu waliona kwamba aliyeinuka kitandani si yule aliyelala. Kuanzia hapo akawa mtu mwenye kuyapenda maisha kuliko kawaida, hata baadaye akaita baadhi ya maandiko yake insha za matumaini.

Baada ya Tsar Alexander wa Pili kuuawa mwaka 1881, vyuo vikuu vya Urusi viliingia katika misukosuko ya kisiasa. Metchnikoff alijiuzulu Odessa mwaka uliofuata, akaichukua familia yake hadi Messina, katika kisiwa cha Sicily. Huko hakuwa na cheo wala mshahara, alikuwa na hadubini yake sebuleni tu.

Siku moja mkewe na wadogo zake walikwenda kwenye sarakasi kuwaona nyani waliofundishwa michezo. Yeye alibaki nyumbani akiwatazama viluwiluwi vya kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota. Viluwiluwi hivyo vinapenya mwanga kama kioo, hivyo seli zake huonekana zikitembea ndani ya mwili. Wazo likamjia kwamba huenda seli hizo zina kazi ya kuukabili uvamizi kutoka nje. Alitoka bustanini, akachuma miiba ya mwaridi na kuichomeka chini ya ngozi ya viumbe hao. Usiku ule hakupata usingizi. Asubuhi alikuta seli zimeizingira ile miiba kama watu walioitwa na mbiu ya mgambo.

Kutokana na jaribio hilo ilizaliwa nadharia ya fagosaiti, yaani seli zinazokula. Metchnikoff alidai kuwa chembe nyeupe za damu ya binadamu hufanya kazi ile ile: huvifuata vimelea, huvimeza na kuvisaga. Hadi wakati huo madaktari wengi waliamini kinyume chake, kwamba chembe nyeupe zinazoonekana kwenye usaha ni dalili ya madhara na pengine ndizo zinazosambaza vimelea mwilini. Wajerumani, wakiwa upande wa Robert Koch, walimpinga kwa miaka mingi wakishikilia kuwa kinga iko katika majimaji ya damu na si katika seli. Ubishi huo ulikuwa mkali, na uhasama wa Ufaransa na Ujerumani ulioachwa na vita vya mwaka 1870 uliuchochea. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki yake, na Kamati ya Nobel ililitambua hilo mwaka 1908 ilipoigawa tuzo ya tiba kati ya Metchnikoff na Mjerumani Paul Ehrlich.

Kabla ya hapo alikuwa amerudi Odessa mwaka 1886 kuongoza kituo kipya cha bakteria na chanjo ya kichaa cha mbwa. Mambo hayakwenda vizuri. Madaktari wa mji walimsema kwa kuwa hakuwa daktari, wakulima hawakumwamini, na chanjo ya kimeta iliyotayarishwa na wasaidizi wake yeye akiwa hayupo iliua maelfu ya kondoo. Mwaka 1888 aliondoka. Louis Pasteur alimpa chumba cha maabara katika taasisi yake mpya, na hapo ndipo alipofanya kazi miaka 28 iliyobaki ya maisha yake.

Hivyo kipindupindu cha mwaka 1892 kilimkuta Paris. Jaribio lake lilikuwa la hatari isiyokubalika kwa mizani ya maadili ya leo, na yule wa tatu aliyeponea chupuchupu ndiye ushahidi. Lakini tofauti na wengi waliopata matokeo yasiyoeleweka, Metchnikoff hakuyatupa. Mjini Munich, Max von Pettenkofer alikunywa vimelea hivyo hivyo mwaka huo huo, akaharisha kidogo tu, akalichukulia jambo hilo kama hoja ya kuipinga nadharia ya Koch kwamba kimelea pekee kinatosha kuleta ugonjwa. Metchnikoff alikataa njia hiyo. Alikubali kwamba kimelea ndicho chanzo, ila akasema hakiingii katika nyumba tupu. Kinakuta wenyeji.

Katika vyombo vya maabara aliona kuwa baadhi ya bakteria waliotoka katika tumbo la binadamu huzuia kimelea cha kipindupindu kisizaliane, na wengine hukisaidia. Aidha, wanyama wakubwa wa maabara walikuwa hawapati ugonjwa huo, lakini sungura wachanga wanaonyonya waliupata. Alieleza kuwa utumbo wa mtoto mchanga bado haujajaa bakteria wa kuweka upinzani. Mawazo hayo yalipita bila kelele nyingi, kwa kuwa madaktari wa zama hizo walikuwa wakivisaka vimelea vya maradhi kama polisi wanavyosaka wahalifu, na wachache waliona haja ya kuwahoji majirani.

Wakati huo huo, katika taasisi hiyo hiyo, daktari wa watoto Henry Tissier aligundua mwaka 1899 kuwa kinyesi cha watoto wachanga wanaonyonya maziwa ya mama hutawaliwa na bakteria wenye umbo la herufi Y, ambao siku hizi huitwa bifidobakteria. Tissier alijaribu kuwapa bakteria hao watoto wanaoharisha ili wawasukume nje wale wabaya. Metchnikoff alikuwa karibu, akiyatazama hayo.

Lakini yeye alikuwa ameanza kuwaza jambo kubwa zaidi, nalo ni uzee. Mwaka 1903, katika kitabu chake kuhusu maumbile ya binadamu, aliipa elimu ya uzee jina la jerontolojia, linalotumika mpaka sasa. Kwa maoni yake, uzee wa watu wengi ni ugonjwa unaokuja kabla ya wakati wake. Chanzo alikiona katika utumbo mpana, kiungo alichodhani kuwa ni masalia yasiyo na faida tena. Humo mabaki ya chakula hukaa na kuoza; bakteria waozeshaji hutoa sumu kama fenoli na indoli; sumu hizo huingia katika damu, hukakamaza mishipa na kudhoofisha seli za mwili, hadi fagosaiti zenyewe zinageuka na kuanza kula chembe za ubongo. Alilinganisha maisha ya wanyama wenye utumbo mpana mrefu na wasio nao, akiwamo kasuku anayeishi miaka mingi na popo wakubwa walao matunda.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Uozo hauwezi kustawi penye asidi, na maziwa yaliyoganda yana asidi. Kila mtu anajua kwamba maziwa mabichi huharibika na nyama huoza, ilhali mtindi hukaa. Kama bakteria wa maziwa wangepelekwa hadi utumbo mpana na kufanya makazi huko, uozo ungekoma. Taarifa zilizomfikia zilidai kuwa wakulima wa Bulgaria, wanaokunywa maziwa hayo kila siku, huishi miaka 100 na zaidi. Umri wa mzee wa kijijini asiye na cheti cha kuzaliwa ni jambo gumu kulithibitisha, na mtafiti makini kama yeye alipaswa kulitilia shaka. Mwaka 1905 Mbulgaria Stamen Grigorov, akiwa mwanafunzi wa udaktari mjini Geneva, alimtenga bakteria wa mtindi huo chini ya hadubini, na Metchnikoff akapata alichokihitaji.

Hotuba aliyoitoa Paris mwaka 1904 kuhusu uzee ilichapishwa na magazeti ya Ulaya na Marekani, na kama kawaida ya magazeti, tahadhari zilibaki chumba cha habari. Maziwa machachu yalianza kuuzwa kwenye maduka ya dawa. Vidonge vya bakteria vikatengenezwa, na jina lake likawekwa kwenye matangazo. Ilibidi atoe kijitabu kueleza kwamba hakuwahi kuahidi maziwa yangemfanya mtu asizeeke. Hakuna aliyesikiliza.

Mtindi ulikuwa upande wa upole wa wimbi hilo. Upande mwingine ulikuwa kisu. Jijini London, daktari bingwa wa upasuaji Sir William Arbuthnot Lane aliamini vivyo hivyo kwamba utumbo mpana ni mtaro wa sumu, akawa anaukata na kuuondoa kwa wagonjwa waliolalamikia kufunga choo na uchovu. Baadhi yao walikufa. Mwaka 1913 madaktari wa Uingereza walijadili upasuaji huo kwa ukali, na hatimaye ukaachwa. Metchnikoff mwenyewe alishikilia maziwa, lakini ni yeye aliyeutangazia ulimwengu kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba kiungo hicho hakina kazi.

Baada ya kifo chake, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Leo Rettger wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa bakteria wa Kibulgaria hafanyi makazi katika utumbo wa binadamu, anapita tu. Hoja ya maziwa ya kurefusha maisha ikaporomoka, na kwa miongo kadhaa wanasayansi wengi waliona suala zima la bakteria wa tumboni kama mzaha. Biashara haikusubiri ruhusa yao. Mwaka 1919 Isaac Carasso alikuwa ameanzisha mjini Barcelona kiwanda cha mtindi kilichotumia mbegu za bakteria kutoka Taasisi ya Pasteur, akakiita Danone.

Sasa hivi inafahamika kuwa mwili wa mtu mzima umebeba bakteria wapatao trilioni 38, wengi wao wakiwa katika utumbo ule ule mpana alioutaka Metchnikoff uwe bure. Huko hukichachusha kile tumbo lilichoshindwa kukisaga, hutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo, hutoa vitamini K na kuifundisha kinga ya mwili. Wanapouawa kwa wingi na dawa za antibiotiki, bakteria aitwaye Clostridium difficile hupata nafasi na kuleta kuhara kunakoweza kuua. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa aina hiyo kwa kuwaingizia kinyesi cha watu wenye afya: 13 kati ya 16 walipona kwa dozi ya kwanza, huku dawa ya kawaida ikiponya 4 tu kati ya 13. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza dawa iliyotengenezwa kwa njia hiyo.

Kuhusu zile sumu, hakukosea kabisa. Kwa wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kazi, mazao ya indoli na jamii ya fenoli yanayotoka kwa bakteria wa utumbo hurundikana katika damu na kuhusishwa na madhara kwa moyo na mishipa. Na lile swali la mwaka 1892 limepata jibu lake: mwaka 2014 uchunguzi wa wagonjwa waliokuwa wakipona kipindupindu nchini Bangladesh ulibaini bakteria wa utumbo anayekibana kimelea hicho kisistawi.

Kugawa bakteria katika makundi mawili, wema na wabaya, ndiko kulikobaki na utata. Mwaka huo huo wa 2014 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa Wahadzabe wa Tanzania, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Bakteria wao walikuwa wa aina nyingi kuliko wa Waitaliano waliolinganishwa nao, lakini kwa watu wazima wa Kihadzabe hawakuonekana kabisa wale bifidobakteria wa Tissier ambao katika maduka ya miji mikubwa huuzwa kama msingi wa afya.

Metchnikoff hakuishia utumboni. Mwaka 1903, akishirikiana na Émile Roux, alifanikiwa kumwambukiza sokwe kaswende, jambo lililowezesha ugonjwa huo kuchunguzwa maabara, kisha akatengeneza marhamu ya zebaki ya kuukinga. Mwaka 1909 alimtembelea Tolstoy kijijini kwake Yasnaya Polyana. Wazee hao wawili, mmoja akiamini sayansi itaondoa hofu ya kifo na mwingine akiamini dini, walizungumza kutwa nzima na kuachana kila mmoja na lake. Mwaka 1911 alikwenda nyika za Wakalmyk, kusini mwa Urusi, kuchunguza kifua kikuu, ugonjwa uliomnyang'anya Ludmila.

Vita vya mwaka 1914 vilimvunja nguvu. Vijana wake wa maabara waliitwa jeshini, wanyama wa utafiti wakauawa, na korido za taasisi zikawa kimya. Yeye aliyefundisha kwamba elimu ingewafanya watu waishi zaidi ya karne moja, akawa anasoma kila asubuhi orodha za vijana waliokufa wakiwa na miaka 20. Moyo wake ulianza kudhoofika. Aliandika kumbukumbu za ugonjwa wake kwa utulivu wa mtu anayemchunguza mnyama wa maabara, akibainisha kuwa katika ukoo wao wengi hawakufika umri wake, na kwamba alichelewa kuanza kunywa maziwa.

Alihamishiwa katika jengo la Taasisi ya Pasteur na kufia humo Julai 1916, akiwa na miaka 71, Olga akiwa pembeni yake. Siku zile za mwisho alimwomba daktari mwenzake, Salimbeni, amfanyie uchunguzi baada ya kufa, na akamsisitizia autazame utumbo kwa makini. Mwili wake ulichomwa, na majivu yakawekwa katika maktaba ya taasisi hiyo.